Nati iliyozunguka na bolti yake: kisa cha kona ya nyuma ya kebini

Pikapu ililetwa kwa sababu ya mlio. Mwenye gari alieleza kwamba kila akikanyaga breki kwa mwendo mdogo, kitu kinagonga nyuma ya kiti cha abiria, "ko", mara moja, halafu kimya. Akivuka tuta inagonga mara mbili. "Fundi, shoku zimebadilishwa mara mbili, bushi za springi nazo zimebadilishwa, na bado inagonga," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulipia kazi tatu na hajapata hata moja.

Nikamwambia, "Mzee, shoku zako hazina kosa. Tuanze na kebini."

Hakukuwa na uaguzi hapo. Gari likiwa bado limesimama langoni nilikwisha kuona ile nafasi kati ya kebini na bodi ya nyuma. Upande wa kushoto vidole viwili vinapita bila shida. Upande wa kulia kimoja, tena kwa kukisukuma. Mlango wa nyuma wa kulia ulikuwa na mkwaruzo mpya pale kufuli inapoingia, dalili kwamba nguzo na mlango havikutani tena mahali pamoja. Nafasi hizo ndizo kitu cha kwanza ninachosoma kwenye gari lolote lenye chesisi (fremu ya chuma ya chini) yake peke yake, kabla hata sijainama. Kebini ikilalia upande, mistari ya bati husema.

Kwa wasiojua, magari ya namna hii hayana kebini iliyochomelewa kwenye chesisi. Kebini inakaa juu ya chesisi kama sahani juu ya meza, na kati yake kuna raba. Hii ilikuwa na sehemu nane za kukalia: mbili mbele chini ya fremu ya rejeta, mbili chini ya miguu ya dereva na abiria, mbili katikati, mbili kona za nyuma. Kila sehemu ina raba mbili, moja juu ya mkono wa chesisi na nyingine chini yake, na katikati mwa raba hizo inapita bushi ya chuma, yaani kibomba kinene. Bolti inaingia kutoka chini: inapita washa pana (kisahani cha chuma chenye tundu), raba ya chini, mkono wa chesisi, raba ya juu, kisha inazama ndani ya sakafu ya kebini na kuikuta nati ambayo huioni.

Ile bushi ya chuma watu huidharau, lakini ndiyo inayofanya bolti idumu. Ukikaza, bolti inavuta nati na washa mpaka vikabane na ncha za bushi. Hapo vitu hivyo vinakuwa kitu kimoja, na kinachocheza ni raba pekee. Bushi ikiliwa na kutu ikafupika, nguvu yote ya kukaza inaishia kwenye raba. Raba nayo inazoea, inabonyea, na bolti inabaki imelegea ingawa hakuna aliyeifungua.

Nati yenyewe imefichwa ndani ya boksi la bati linalokatiza chini ya sakafu, lililofungwa kwa vidoti vya welding. Haikuchomelewa. Imewekwa ndani ya kizimba, yaani bati jembamba lililokunjwa kuizunguka, na imeachiwa nafasi ya kucheza milimita chache ili kiwandani bolti ipate njia hata kama matundu hayakukutana sawasawa. Mpango mzuri kwa anayeunda gari jipya. Kwetu sisi tunaolifungua baada ya miaka ya matope, kizimba kile ni bati la unene wa milimita moja hivi lililopewa kazi ya kushindana na mkono wa spana wenye urefu wa nusu mita.

Kilichokutwa

Tuliinua gari kwenye stendi, kijana wangu akaingiza nondo kati ya mkono wa chesisi na sakafu kona ya nyuma kulia, akaibembea taratibu. Mimi nilikuwa nimeweka kidole kwenye ukingo wa raba ya juu. Kebini ilinyanyuka kama milimita nane, ikarudi, na ule mlio ukasikika palepale. Washa ya chini ilikuwa inaning'inia. Nikashika kichwa cha bolti kwa vidole vitupu, nikakizungusha, na kikanijia mkononi pamoja na kipande cha bolti na raba yote ya chini.

Bolti ilikuwa imekatika zamani. Kilichokuwa kinaishikilia pale ni kutu iliyoigandisha ndani ya bushi.

Nilikiosha kile kipande kwa brashi ya waya na petroli kidogo, nikakiweka juani. Sura ya mkatiko ndiyo ushahidi mkuu wa kisa hiki, na inasikitisha kwamba mafundi wengi hukitupa kipande bila kukitazama. Theluthi mbili za uso wake zilikuwa nyeusi-kahawia, laini, zenye mistari myembamba iliyopinda kama ile inayoachwa na maji yanapokupwa ufukweni. Theluthi iliyobaki ilikuwa ya kijivu, chembechembe, na kutu yake ilikuwa changa. Ule uso mweusi ni ufa uliokuwa unakua kidogo kidogo kwa muda mrefu, kila gari likipita shimoni ukisogea unywele. Sehemu ya kijivu ndiyo iliyokuwa imebaki kubeba kebini peke yake, mpaka siku moja ikashindwa kwa mkupuo.

Kwa hiyo tuta si lililoivunja bolti hii, wala mwendo kasi wa dereva. Ilichoka. Na bolti iliyokazwa vizuri haichoki upesi, kwa sababu ikiwa na mkazo wa kutosha, mizigo ya barabarani haiifikii ipasavyo; inamezwa na vitu iliyovibana. Bolti iliyolegea ndiyo inayovutwa na kuachiwa, kuvutwa na kuachiwa, mara elfu kwa elfu. Mahali ilipokatikia palithibitisha: kwenye jino la kwanza lililokuwa ndani ya nati, ambalo katika bolti yoyote ndilo linalobeba sehemu kubwa zaidi ya mzigo.

Likaja swali la pili: kwa nini ilegee? Nikachokoa bushi. Ncha yake ya chini ilikuwa imeliwa mpaka imebaki kama kisu. Jibu likawa limekamilika, isipokuwa jambo moja ambalo sikulijua hadi tulipoingia ndani: maji yalitoka wapi.

Kosa langu

Kipande cha juu cha bolti kilibaki ndani ya nati, kimekatika sawa na uso wake. Kutoka chini, kupitia tundu la bushi, ukimulika kwa tochi unaona duara la chuma lenye upana wa kidole kidogo na ukingo mwembamba wa nati, basi.

Nikafanya kile ambacho kila fundi angekifanya kwanza. Nilichonga kiongozi cha kuingia ndani ya bushi, chenye tundu la milimita 5 katikati, ili biti isiteleze ikakimbilia ubavuni. Nikatoboa kwa biti ya kushoto, ile inayokata ikizunguka kinyume, kwa matumaini kwamba joto na mtikisiko vitakilegeza kile kipande na kitoke chenyewe. Hakikutoka. Nikaongeza tundu, nikaingiza ekstrakta, yaani chuma chenye meno ya kinyume kinachong'ata ndani ya tundu ili kukitoa kipande kilichokatika, nikampa kijana mkono wa spana.

Alivuta. Ikakaza, ikatoa mlio mfupi kama wa kijiti kikavu, kisha ikaanza kwenda.

"Fundi, inazunguka!"

"Inashuka?"

Kimya. Akazungusha tena raundi nzima. Nikamwambia aache, nikamulika. Nilikuwa nimechora mstari wa chaki kuanzia kwenye kipande cha bolti hadi kwenye uso wa nati, nusu kwa mazoea, nusu kwa wasiwasi. Mstari ulikuwa umenyooka vilevile, ila ulikuwa umehama wote. Bolti na nati vilikuwa vinazunguka pamoja. Kizimba kilikuwa kimechanika.

Bolti inayofunguka hushuka. Inayozunguka bila kushuka haijafunguka, na kila raundi unayoongeza inachana bati lililokuwa linakusaidia. Hapo nguvu haina kazi tena; si bomba refu la kurefushia mpini, si mashine ya hewa. Nimeona watu wakiendelea nusu saa nzima, nati inazunguka kama gurudumu la cherehani, mpaka tundu la sakafu linapanuka na kebini haina tena pa kukalia.

Kosa langu halikuwa kutumia ekstrakta. Lilikuwa kutumia ekstrakta kabla ya kuifikia nati kutoka juu. Mafuta ya kulegeza kutu nilikuwa nimeyapuliza tangu jana yake, lakini kutoka chini, na hapo ndipo nilipojidanganya. Mafuta yakipulizwa chini yanapaswa kupanda kupita bolti iliyojaza tundu, kupita kutu ambayo huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma iliyokila, ndipo yafike kwenye meno. Hayafiki. Yanachuruzika kwenye mkono wako na kuilainisha raba. Nilipofungua baadaye, meno ya nati upande wa juu yalikuwa makavu kabisa, ya rangi ya chungwa.

Kutoboa sakafu

Mwenye gari hakupenda aliposikia neno "kukata". Namwelewa. Sakafu ya gari ikikatwa mtu anaona kama gari limeharibiwa. Nikamwonyesha kile kichwa cha bolti na nikamweleza njia zilizobaki. Ya kwanza ni kukata kutoka pembeni, kupitia ukuta wa boksi chini ya gari. Inawezekana, lakini kwenye gari lake bomba la mafuta na waya za taa zilikuwa zinapita sentimita chache kutoka hapo, na ukuta wa boksi ndio unaobeba uzito. Ya pili ni kuchoma kwa gesi mpaka nati iwe nyekundu. Joto linasaidia kweli kwenye nati iliyoganda, lakini hapa chini yake kuna raba, juu yake zulia na sponji ya kuzuia kelele, kando yake petroli. Ya tatu ni tundu dogo lenye vipimo, kutoka juu, kwenye bati ambalo unaweza kulirudisha. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya fundi, kata. Lakini nikae hapa nione." Akavuta ndoo, akakaa.

Kabla ya grainda kuwashwa, kazi ilikuwa ya kutoa. Waya za betri zote mbili zilifunguliwa na gari likaachwa dakika kadhaa, kwa sababu mikanda ya viti ya siku hizi ina vifyatuo vyake na sitaki mtikisiko wa umeme karibu navyo. Kiti cha nyuma kikatoka. Ubao wa kizingiti cha mlango, mkanda upande wa chini, zulia, sponji. Sponji ilikuwa nzito. Niliiminya kwa mkono mmoja na maji ya kahawia yakadondoka sakafuni, mbele ya macho ya mwenyewe. Hakuna aliyesema kitu.

Kupata mahali pa kukata bila kubahatisha kulihitaji alama inayoonekana pande zote mbili za bati. Kulikuwa na tundu la kiwandani lenye kizibo cha raba, karibu na hapo. Nikapima kutoka katikati ya tundu hilo hadi katikati ya bolti, chini ya gari, kwa mapana na kwa marefu. Nikapanda juu, nikavihamisha vipimo vilevile, nikakumbuka kwamba ukigeuza upande kulia kunakuwa kushoto (nimewahi kukata sentimita kumi pasipohusika kwa kusahau hilo), nikagonga panchi. Kisha nikatoboa tundu la milimita 3 tu na kuingiza waya. Waya uligonga chuma kinene. Nikampa kijana atikise ile ekstrakta chini, na waya ukatikisika mkononi mwangu. Tumefika.

Nilichora mstatili wa milimita 55 kwa 60. Kwenye kila pembe nikatoboa tundu la milimita 8 kwanza, halafu nikaunganisha matundu kwa diski nyembamba ya milimita 1, pande tatu tu, upande wa nne nikauacha uwe bawaba. Pembe za mviringo zina sababu yake: pembe kali ni mwanzo wa ufa, na nilikuwa nimetoka kusoma ufa asubuhi ileile. Vioo na viti vilifunikwa kwa blanketi lililoloweshwa, kwa sababu cheche za grainda zikitua kwenye kioo hujichimbia na hazitoki tena. Kijana alikaa chini ya gari na chupa ya maji, akiangalia upande wa bomba la mafuta.

Bati likakunjuliwa nyuma kama mfuniko wa kopo.

Ndani mlikuwa na matope. Si vumbi, matope, yamejaa hadi nusu ya boksi, na magamba ya kutu ya kujaza kiganja. Boksi lina tundu la kutolea maji kwa chini, na tundu hilo lilikuwa limezibwa na udongo uliogandamana kati ya raba na mkono wa chesisi. Maji ya kuoshea gari na ya mvua yaliingia, hayakutoka, na nati ikaishi dimbwini. Hapo ndipo yalipotoka maji.

Kizimba kilikuwa kimechanika pande mbili. Nikapiga tindo mara mbili kwenye pande zilizobaki, nikaingiza koleo, nikainyanyua nati pamoja na kipande cha bolti ndani yake, kama kokwa ndani ya embe. Dakika tatu. Siku moja na nusu ya kutoboa kutoka chini, na kumbe kitu chenyewe hakikuhitaji kufunguliwa kabisa. Kilihitaji kutolewa tu. Kukitenganisha na bolti kulikuwa hamu yangu, si haja ya gari.

Nati mpya

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi, na kwa kupenda. Njia ya haraka ni kuichomelea nati mpya moja kwa moja juu ya bati la boksi. Sikuitaka. Bati lililokwisha kuliwa na kutu halishiki welding vizuri, linatoboka, na nati iliyochomelewa hapo inapoteza kule kucheza kwa milimita chache ambako bolti inakuhitaji. Ukikosea milimita mbili, bolti inaingia kwa kuinama, na bolti iliyoinama ndiyo itakayokatika tena.

Boksi lilikuwa na upana wa milimita 70 ndani. Nikakata sahani ya chuma ya unene wa milimita 5, milimita 45 kwa 64, nikaitoboa katikati, nikaweka nati juu ya tundu. Sahani ya vipimo hivyo ikilala ndani ya boksi ina nafasi ya kusogea kidogo kila upande, lakini ikitaka kuzunguka pembe zake zinagonga kuta na inakwama. Kizimba kimekuwa boksi lenyewe. Tena ile sahani inatandaza mvuto wa bolti kwenye eneo pana kuliko nati ya mwanzo, na hilo lilinifaa kwa sababu ukingo mmoja wa tundu la chini ulikuwa umekonda. Nililigonga bati hilo lote kwa ncha ya bisibisi kabla ya kuamua. Lingetoboka, ningelazimika kukata kiraka kwanza, na kisa kingekuwa kirefu zaidi.

Sahani ikikaa juu ya bati, ndani, kimo cha kebini hakibadiliki. Nasema hivi kwa sababu nimekuta watu wakiweka washa nene kati ya raba na sakafu ili "kufidia", kisha wanashangaa milango inagoma.

Nati niliyochagua ilikuwa ya daraja la 8, isiyo na mng'aro wa zinki. Zinki ikichomelewa inatoa moshi mweupe unaomlaza mtu na homa usiku, na welding yenyewe inakuwa ya vipovu. Nilikaza bolti nyingine ya zamani ndani ya nati wakati wa kuchomelea, ili meno yasiingiwe na matone na nati ikae wima, nikashona pande nne kwa vipande vifupi nikiiacha ipoe katikati. Baadaye nikapitisha tapu, kile chombo cha kukatia na kusafishia meno ya nati.

Kuhusu bolti, mwenye gari alikuwa amekuja na yake, mpya, isiyoshika kutu, inang'aa. "Hii haitaoza tena," alisema. Nilimwonyesha alama kwenye kichwa: A2-70. Bolti ya awali ilikuwa na 8.8. Katika namba hizo, 8 ya kwanza ni nguvu ya kukatika, megapaskali 800, na ukizidisha 8 kwa 8 kisha kwa kumi unapata 640, kiwango ambacho ikivutwa kupita hapo hairudi. Ile yake ya kung'aa hukatika kwenye 700 na huanza kunyooka kwenye 450. Zaidi ya hayo, bolti za namna ile zina tabia ya kuumana na nati meno kwa meno wakati wa kukaza, zikaganda pasipo kutu yoyote. Na hata tungekubaliana kuhusu chuma, meno hayakulingana: ya gari ilikuwa ya milimita 12 yenye hatua (umbali kutoka jino hadi jino) ya 1.25, yake ilikuwa ya 1.75. Bolti kama hiyo inaingia raundi moja au mbili kwa mkono na kisha inakaza, na mwenye haraka anadhani ni kutu, anaongeza spana.

Akaitia mfukoni. Tukaweka 8.8 yenye hatua ya 1.25, ndefu kwa milimita 5 kuliko ya mwanzo ili kufidia sahani, na nikapima kwanza kwamba ncha yake haitagusa bati la juu.

Upande wa kushoto

Raba zilikuwa zimebonyea na bushi imeliwa, kwa hiyo kona zote mbili za nyuma zilihitaji raba na bushi mpya, na hilo lilimaanisha kuifungua bolti ya kushoto, dada wa ile iliyotutesa. Nilikuwa nimeijaribu siku ya kwanza kwa spana, ikakataa, nikaiacha. Nashukuru niliiacha.

Safari hii sikuanza chini. Nilihamisha vipimo vya kulia, nikatoboa tundu moja la mviringo la milimita 25 juu ya nati kwa biti ya duara, nikatia mpira mwembamba na kunyonya maji yaliyokuwa yamelala mle ndani, nikachokoa tundu la kutolea maji kutoka chini mpaka likapumua. Kisha nikamimina mafuta ya kulegeza juu ya nati yenyewe, kijiko hivi, jioni, na tena kabla ya kufunga kazi. Asubuhi nikaongeza. Safari hii yalikuwa yanashuka, yakisaidiwa na uzito wake.

Kijana alishika spana, mimi nikaingiza bisibisi ndefu kupitia tundu na kuibana nati dhidi ya kizimba. Hakuanza kwa kufungua. Alianza kwa kukaza unywele, ndipo akafungua robo raundi, akarudisha, akafungua nusu, akarudisha. Kila ikianza kulia, tone la mafuta. Mimi nilikuwa natazama chaki. Bolti ilihama, nati haikuhama.

"Inashuka, fundi," alisema, bila kuulizwa.

Ilichukua dakika arobaini kutoka yote. Kizimba kilibaki kizima, na nati tuliisafisha kwa tapu tu.

Baada ya hapo tulilegeza za katikati, ambazo zilifunguka bila ugomvi, tukainua nyuma ya kebini kwa jeki yenye ubao mnene chini ya boksi, si chini ya kizingiti. Sentimita nne zilitosha kupitisha raba. Wakati wa kuinua, mtu mmoja anatazama jeki na mwingine anatembea: shafti ya usukani, mipira ya maji, feni isiguse kifuniko chake, waya wa breki ya mkono, ule mkanda wa waya unaounganisha bodi na chesisi. Ule mkanda ulikuwa umekazika kama uzi wa gitaa. Tukaufungua.

Bolti zilirudi na grisi ya kuzuia kuganda kwenye meno. Grisi hiyo inapunguza msuguano, kwa hiyo kipimo cha kukaza kilichoandikwa kwa meno makavu kikifuatwa vilevile, bolti inavutwa kupita kiasi. Nilipunguza karibu robo. Bolti zote zilianzwa kwa mkono kabla hata moja haijakazwa, kisha tukakaza kwa zamu, kulia na kushoto, mpaka washa zikakaa kwenye bushi.

Sakafu ya kulia nilikunja lile bati mahali pake na kulishona kwa vidoti, mguu wa mashine ya welding (kibanio cha waya wa kurudishia umeme) ukiwa umebanwa kwenye bati hilohilo, si kwenye chesisi. Lingeweza kufungwa kwa kifuniko cha skrubu ili lifunguke tena kirahisi, lakini boksi lililo wazi upande mmoja si boksi tena, na mkanda wa kiti umefungwa jirani. Niliacha tundu la milimita 25 juu ya nati, lenye kizibo cha raba, sawa na la kushoto. Praima, silanti kwenye mishono, na nta ya kuzuia kutu ndani ya boksi. Sponji iliyolowa haikurudi ndani. Ilikauka siku mbili juani kwanza.

Mlango wa nyuma ulifunga kwa kusukumwa na kidole. Nafasi nyuma ya kebini ilikuwa vidole viwili, pande zote. Nilichora mstari wa rangi nyeupe kutoka kichwa cha kila bolti hadi kwenye washa na mkono wa chesisi, nikamwambia mzee arudi baada ya kilomita elfu moja.

Alirudi. Mistari ya nyuma na ya katikati ilikuwa imenyooka. Zile nne za mbele hatukuwa tumezigusa, na moja, chini ya miguu ya dereva, mstari wake ulikuwa umevunjika milimita mbili. Sikuchukua spana. Nilikunja zulia, nikapima kutoka kwenye kizibo, nikamwambia kijana alete biti ya 25.